Uzi: Kila mwaka tunabishana kuhusu baa, lakini kaunta hatuitazami

Kwa wageni: hapa tunachambua mambo yanayorushwa huku na kule kwenye mijadala ya siasa, na sheria yetu ni ile ile, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Ukilitaja kwenye maoni, nalifuta bila kuuliza. Leo ni zamu ya pombe. Kama kunywa ni vizuri au vibaya, hilo muulize mzazi wako, au imamu, au pasta. Mimi nataka tuongee kuhusu leseni, ile karatasi inayotundikwa ukutani nyuma ya kaunta: ilitoka wapi, ilikusudiwa kufanya kazi gani, na kwa nini watu wakizikwa kumi na kitu kwa wiki moja tunasikizishwa hotuba ile ile tuliyoisikia mara ya mwisho.

Mjadala ulipamba moto upya Julai 2025, pale NACADA walipozindua sera mpya inayopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Sera hiyo inataka pia pombe isiuzwe mtandaoni, isiletwe nyumbani kwa bodaboda na isikae kwenye rafu za supamaketi. Rika langu lilichemka kweli kweli. Wengine wakasema serikali inatufanya watoto, wengine wakasema heri wafunge kila kitu. Mimi nimeshapita 21, kwa hiyo hapo sina langu, ila nilisoma ule mvutano wote nikaona watu wanarudia ugomvi wa miaka mia moja bila kujua ni wa miaka mia moja.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tangu ukoloni, sheria zetu za pombe zimejibu maswali mawili kwa bidii sana: nani aruhusiwe kunywa, na nani akusanye pesa. Kuna swali la tatu, yaani muuzaji amhudumie vipi mtu aliyesimama mbele yake, na hilo nalo limeandikwa kwenye sheria, tena vizuri tu. Ila halijawahi kupata mwenyewe.

Tuanze mbali, kwa haraka. Karibu kila jamii ya hapa ilikuwa na pombe yake: muratina kwa Wakikuyu, busaa huko magharibi, mnazi Pwani, nyingine za asali, za ndizi, za wimbi. Sehemu nyingi kinywaji kilikuwa cha wazee wanaume. Kilitengenezwa kwa shughuli maalum, mahari, tambiko, kazi ya pamoja shambani, na kijana akikutwa amelewa alikuwa na maelezo ya kutoa. Watu hupenda kusema zamani palikuwa na nidhamu. Sawa, palikuwa nayo, lakini tuulize ilikuwa nidhamu iliyopangwa na nani. Mzee alikunywa, mama alipika.

Halafu akaja mgeni. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels kujadili biashara ya watumwa, na ndani ya mkataba ule wakachomeka suala la pombe. Wakachora eneo la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ambamo pombe kali ya kutoka nje ingezuiwa au itozwe ushuru. Kenya yote ya leo imo ndani ya eneo hilo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda Mwafrika. Mkiona kiongozi wa leo amesimama mbele ya kamera anasema anawalinda vijana wetu, mjue maneno hayo yana babu.

Waingereza walipotulia hapa, sheria zikagawa vinywaji kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa na bia ya chupa, waini na wiski. Mwafrika alibakiziwa ile ya kienyeji, tena kwa kibali. Kiwanda cha bia kilianzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili walowezi, na mwaka uliofuata mmoja wao akauawa na tembo akiwa mawindoni. Ndiyo asili ya jina Tusker na ile picha ya ndovu kwenye chupa. (Tembo mnyama, jamani, msije mkasema tembo la mnazi.) Sasa fikirini: Mwafrika angeweza kuajiriwa kupakia kreti za bia hiyo kwenye lori, lakini kujinunulia chupa moja ilikuwa kosa. Zuio la bia ya chupa lilikuja kuondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na la pombe kali likafuata katika miaka ya 1950. Kwa hiyo wapo wazee walio hai leo waliozaliwa wakati baba yao angefungwa kwa kununua bia. Nadhani hii inaeleza mengi kuhusu kwa nini, kwa kizazi kile, kuweka chupa mezani kulikuwa tamko la kisiasa.

Lakini sehemu inayonivutia zaidi ni Pumwani, na hapa nitakaa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mji wa Nairobi ilikuwa na tatizo la pesa. Iliwataka Waafrika wakae sehemu yao, ikawatengea Pumwani, ila haikutaka kodi ya Wazungu itumike kuwajengea chochote. Suluhisho lilikuwa limeshapatikana Durban, Afrika Kusini, ambako tangu 1909 hivi serikali ya mji ilikuwa imejipa haki ya kuwa muuzaji pekee wa pombe ya Waafrika, na faida ikawa inalipia gharama za kuwatawala Waafrika hao hao. Nairobi ikaiga. Ikafungua ukumbi wa bia Pumwani, ikapiga marufuku mtu yeyote kupika pombe nyumbani kwa ajili ya kuuza, na mapato ya ukumbi yakaingia kwenye mfuko uliotengwa kwa huduma za Waafrika.

Angalieni huo mpango ulivyokaa. Mfanyakazi analipwa mshahara mdogo. Jioni anaupeleka ukumbini. Ukumbi ni wa serikali ya mji. Kisha serikali ya mji inamwambia: choo hiki na barabara hii tumekujengea sisi. Kadiri anavyokunywa ndivyo mtaa unavyopata huduma. Ni vigumu sana serikali ya namna hiyo kumwambia mtu, ndugu yangu, umetosha, nenda ulale.

Na kuna walioumia moja kwa moja. Kabla ya ukumbi, pombe ya mjini ilikuwa mikononi mwa wanawake, huko Pangani na Pumwani kwenyewe. Wengi walikuwa wamefika Nairobi bila mume na bila shamba. Kupika pombe kuliwapa kodi ya chumba, na kwa wachache, nyumba za kupangisha. Siku ukumbi ulipofunguliwa, wanawake hao hawakubadilika hata kidogo. Pombe ilikuwa ile ile, wateja wale wale, chungu kile kile. Kilichobadilika ni jina lao kwenye vitabu vya polisi. Kibera nako, kwa Wanubi walioletwa kama askari kutoka Sudan, akina mama walikuwa wakikeneka pombe kali iliyokuja kujulikana kote mjini, na misako dhidi yao ikawa sehemu ya maisha ya mtaa. Chang'aa mnayoijua ni ya ukoo huo.

Uhuru ulipokuja mtu angedhani mambo yangegeuzwa. Sheria ya leseni za pombe tuliyorithi ilikuwa ya mwaka 1957, na tuliendelea kuitumia kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya pombe za kienyeji, na vilabu vya busaa vikawa na leseni na vikalipa ada. Ni kipindi kifupi ambacho hatukisemi sana, lakini kilikuwepo: busaa halali, mahali panapojulikana, saa zinazojulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikatoka amri ya juu kabisa vilabu vifungwe, na mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake yenyewe.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa busaa katika kaunti moja ya magharibi. Nikisema mpishi, watu wa Nairobi hudhani ni mchezo. Unga wa mahindi unakandwa, unavundikwa siku kadhaa, unakaangwa kwenye bati hadi uwe wa kahawia, unachanganywa na kimea cha wimbi na maji, halafu unasubiri. Wazee walikuwa wakikaa kuzunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu. Nyanya alikuwa na masharti yake: asiyesalimia watu hapati mrija, anayegombana anaondoka na harudi hadi aombe msamaha, na hakuna mtoto kutumwa kununua. Hayo masharti hayakuandikwa popote, na yalifuatwa kwa sababu kila mtu aliyekaa pale alikuwa jirani yake na angemwona kesho yake sokoni.

Marufuku yalipokuja, busaa ikawa shida. Chungu ni kikubwa, harufu inafika barabarani, na pombe yenyewe inaharibika baada ya siku chache. Chang'aa inakaa kwenye mtungi mdogo, unaifukia shambani, unauza kwa glasi gizani. Nyanya akahamia chang'aa, kama wengi wa wenzake. Sheria iliyotungwa kuzuia pombe kali ilimtoa mama mmoja kwenye pombe nyepesi ikamsukuma kwenye pombe kali. Wateja nao wakabadilika. Hakuna tena kukaa na kuzungumza. Unakuja, unameza, unaondoka kabla askari hawajapita. Alikamatwa zaidi ya mara moja, akalipa faini, na kati ya faini moja na nyingine palikuwa na malipo ya kila wiki kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kumkamata. Mama yangu alisoma hadi kidato cha nne kwa pesa hizo. Kwa hiyo mtu akiniambia wapika pombe ni maadui wa jamii, namsikiliza kwa adabu, halafu namuuliza karo ya shule ingetoka wapi.

Lakini nisiwadanganye kwamba ni hadithi ya akina mama wema tu. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe ya bei rahisi, ile iliyoitwa kumi kumi kwa sababu ya shilingi kumi za glasi. Wengine walipona wakabaki vipofu. Mwaka 2005 ikawa Machakos. Mwaka 2014 ikawa kaunti kadhaa kwa wakati mmoja, Embu ikiwa kati ya zilizoumizwa zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo wanasiasa hulichanganya, sijui kwa makusudi au la. Mahindi, wimbi na sukari vikichachishwa na kukenekwa nyumbani hutoa methanoli kidogo mno. Vifo vya watu wengi kwa mpigo husababishwa na methanoli ya viwandani, kemikali ya kutengenezea rangi na vimumunyisho, ambayo mtu ameimimina ndani ili pombe iwe nyingi na iwe kali kwa gharama ndogo. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na ndiyo maana mgonjwa huanza kusema taa zimezimwa. Ulimi haukusaidii: ladha na harufu yake zinakaribiana mno na za pombe ya kawaida. Anayefanya hivyo ni mfanyabiashara mwenye lori na namba za simu za watu fulani. Ila msako ukianza, unaanzia kwa mama mwenye chungu, kwa sababu chungu hakikimbii.

Jaribio moja lililonipa matumaini nilipokuwa nikisoma haya lilikuwa la ushuru. Mwaka 2004 kampuni kubwa ya bia ilileta bia ya kegi, ile inayouzwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa, na serikali ikaiondolea ushuru ili mlevi wa chang'aa apate kitu salama kwa bei anayoiweza. Ilifanya kazi. Watu waliingia kwenye baa zenye leseni, mahali penye mwanga na choo. Oktoba 2013 nafuu hiyo ikapunguzwa hadi nusu, bei ya kikombe ikapanda na mauzo yakaporomoka vibaya. Mei 2014 vikaja vile vifo nilivyovitaja. Sisemi moja kwa hakika lilizaa jingine, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa na mwalimu wangu wa takwimu angenichapa. Nasema tu kwamba mwaka 2015 nafuu ilirudishwa, na waliofanya uamuzi huo walikuwa wamezisoma tarehe hizo hizo.

Sasa tufike kwenye sheria tunayoitumia leo, ya mwaka 2010. Wakenya wengi wanaiita kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha. Hapa tutaiita ya 2010. Wengi wanaikumbuka kwa saa tu: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kuna waliokasirika sana. Lakini sheria hiyo ilifanya mambo mengine makubwa. Ilifuta ile ya 1957 na ile ya kupiga marufuku chang'aa. Ndiyo, chang'aa ilihalalishwa, kwa sharti itengenezwe na mwenye leseni, ifikie kiwango cha ubora, na iwekwe kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Nyanya alipoelezwa masharti hayo alicheka hadi akakohoa. Chupa na lebo na mashine, yeye?

Na ndani ya sheria hiyo hiyo mna kanuni za kuuza kwa kuwajibika, ambazo sijawahi kumsikia mwanasiasa hata mmoja akizisoma jukwaani. Muuzaji haruhusiwi kumuuzia mtu chini ya miaka 18, na akifanya hivyo faini inafika shilingi 150,000 au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Haruhusiwi kumuuzia mtu ambaye tayari amelewa, wala kumchochea aendelee. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule. Maonyo ya afya yachukue angalau asilimia 30 ya uso wa chupa. Na hii naipenda: haruhusiwi kumuuzia polisi aliyevaa sare, wala kumwacha akae tu ndani ya baa isipokuwa amekuja kulinda amani. Nawaachia mtafakari hiyo ya mwisho mkiwa Ijumaa jioni.

Kwenye karatasi, hiyo ni sheria nzuri. Basi njooni nyuma ya kaunta.

Mama yangu mdogo, bintiye yule yule nyanya, ana baa ndogo yenye leseni katika mji mmoja wa barabarani. Nimefanya kazi pale likizo tatu mfululizo, nikihesabu chupa na kutoa risiti. Katika muda huo maafisa wa aina mbalimbali walikuja mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Waliangalia leseni ya pombe. Waliangalia kibali cha biashara, cheti cha afya, cha zimamoto, cha muziki. Waliangalia saa. Hakuna hata siku moja aliyeuliza kama wasichana wa kaunta wanajua la kufanya mtu akilewa. Hakuna aliyeuliza kama kuna maji ya kunywa ya bure, au chakula, au nani anampigia mlevi bodaboda anayeaminika. Baadhi walitoka na bahasha, na bahasha ilikuwa na bei ya kueleweka, kama nauli.

Wakati huo huo, mwendo wa leseni umekuwa ule wa Pumwani. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Ipo kwenye Ratiba ya Nne, imewekwa pamoja na kamari, sinema na burudani za umma. Tangu 2013 kila kaunti imetunga sheria yake, ina kamati zake na ada zake. Kaunti inahitaji mapato yake yenyewe, na baa ni mteja asiyekimbia. Kaunti ikitoa leseni nyingi inapata zaidi. Ikinyima, inapata lawama na hasara. Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga ubaya. Ni kwamba anayepaswa kusema baa zimetosha mtaa huu ndiye yule yule anayehesabu pesa za leseni mwisho wa mwaka.

Turudi kwa msichana wa kaunta. Kwa mama mdogo analipwa mshahara wa kila siku, na hiyo ni afadhali; sehemu nyingi jirani wanalipwa kwa kadiri ya mauzo. Akimkatalia mlevi, anapoteza pesa ya jioni. Mlevi akipasua glasi, inakatwa kwenye malipo yake. Mlevi akiwa mtu mkubwa hapo mjini, anaweza kupiga simu na baa ikatembelewa kesho asubuhi. Kisha sheria inamwambia yeye, binti wa miaka ishirini na tatu, peke yake saa nne usiku: usimuuzie. Na kweli, kosa likitokea anayebebwa kwenye gari la polisi ni yeye. Niliona likitokea baa ya pili kutoka kwetu. Kijana wa shule alinunua, akaanguka bafuni, na aliyelala kituoni alikuwa muuzaji. Mwenye baa alikuja asubuhi kulipa, akamfuta kazi papo hapo.

Mama mdogo, kwa upande wake, ana kanuni zake, na nilipozisikia nilicheka kwa sababu nilizijua. Ukianza kurudia neno moja mara tatu, unaletewa soda. Ukibishana, funguo za pikipiki zinabaki kwenye droo hadi kesho. Usiposalimia, unasubiri. Ni za nyanya. Aliwafundisha wasichana wake sentensi moja ya kukatalia, ambayo haimuaibishi mtu mbele ya wenzake: "Mzee, jikoni wamefunga hesabu yako, kesho tutaanza upya." Hakuna jiko pale, na kila mtu anajua hakuna jiko. Lakini nimeona wanaume wakali wakiinuka kwa sentensi hiyo. Katika nchi kadhaa mafunzo ya namna hii ni sharti la leseni: muuzaji anasomea jinsi ya kutambua mlevi, kuangalia kitambulisho na kukataa bila ugomvi, na anapata cheti. Jimbo la New South Wales kule Australia ni mfano unaojulikana. Hapa kwetu ni elimu ya kurithi, ukibahatika kurithi.

Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa vielelezo vya kesi vilivyotoweka kutoka kituo cha polisi. Someni tena sentensi hiyo polepole. Ilikuwa imeshakamatwa. Mwezi uliofuata zikatangazwa hatua 25 za kupambana na pombe haramu, zikiwemo kusimamisha na kukagua upya leseni za viwanda vya pombe kali, na kufunga baa zilizo kwenye makazi ya watu. Nilizisoma zote nikitafuta moja inayomhusu msichana wa kaunta: mafunzo yake, mshahara wake, au kinga akikataa kuuza. Wakati naandika uzi huu nimezisoma tena.

Kwa hiyo, mjadala wa miaka 21. Wanaouunga mkono wana hoja ya kweli: ubongo wa kijana bado unakua, na anayeanza mapema yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa chupa. Wanaoupinga nao wana yao: mtu wa miaka 18 anapiga kura, anaoa, anaingia jeshini, kisha aambiwe hajui kuagiza bia? Mimi nina maswali madogo kuliko hayo. Ile 18 tuliyo nayo tangu 2010, nani ameilinda? Kaunta ngapi zimewahi kutembelewa na kijana aliyetumwa na serikali kujaribu kununua, ili ijulikane nani anauliza kitambulisho na nani haulizi? Leseni ngapi zimefutwa kwa kumuuzia mlevi, ukilinganisha na zilizofungiwa kwa kuchelewa kulipa ada? Mkikutana na mgombea kiti wa kaunti yenu, wa upande wowote, mwombeni namba hizo mbili za mwisho kabla hajaanza kuhubiri. Ni rekodi za umma, na Katiba, Kifungu cha 35, inakupa haki ya kuziomba.

Nyanya aliacha kupika miaka mingi iliyopita, magoti. Bati la kukaangia bado lipo, siku hizi anaanikia mahindi. Nilimuuliza maoni yake kuhusu 21 akauliza kwanza, "Nani atakuwa anawauliza umri?" Nikamwambia, wasichana wa kaunta. Akauliza wanalipwa pesa ngapi.

Maoni yako wazi hapo chini. Kesho kutwa tunaendelea na ushuru wa mafuta.